Mahali Pasipochanjwa

Mashine yetu ya kukandamiza tunaiita Mama Mkwe, kwa sababu haijawahi kuridhika na kitu chochote tulichoiletea. Imevunja zege, imevunja chuma, imevunja plastiki za kila rangi, na siku moja ilivunja kidole cha fundi aliyedhani imezimwa. Kazi yangu ni kuilisha. Wenzangu wengine jijini Kalwe wanalipwa kujenga. Mimi, Subilaga Mwaisaka, injinia wa maabara ya mabomba, nalipwa kuvunja, na sioni haya kusema naipenda kazi hiyo.

Asubuhi ile Mama Mkwe alishindwa.

Kati ya mabamba yake mawili tulikuwa tumeweka kipande cha bitana ya bomba la mto kilichokatwa jana yake, kimepinda kidogo kama kigae cha chungu. Bamba la juu likashuka, likagusa, likaanza kusukuma. Kwa kawaida nasikia kwanza nyuzi za ndani zikilia mojamoja, halafu ufa, halafu kishindo, halafu nasoma namba. Mara hii hakikulia kitu. Namba zilipanda, zikapita alama ya kijani, zikapita nyekundu, kisha mashine ikajizima yenyewe ili isijiumize.

Vijana wa maabara wakapiga makofi. Mkurugenzi Kihwele alikuwa amesimama mlangoni na koti la mvua begani, naye akapiga makofi.

"Injinia, unaona?" alisema. "Kila mwaka inazidi kuwa imara. Niambie imefaulu niwapigie wakubwa. Tangu jana milimani inanyesha, na wanataka kujua kama mto utatulia."

"Bosi, inaponenepa hivi, inakula nini?"

"Lishe. Si tunaipa lishe?"

"Lishe ni ileile tangu mwaka wa kwanza. Hatujaongeza hata kijiko."

"Basi ni baraka," alisema huku akicheka. "Wewe ukiletewa baraka unaomba risiti?"

Sikucheka. Nilikitoa kile kipande nikakishika mkononi. Bitana hii ilipovishwa ndani ya bomba ilikuwa na unene wa vidole viwili. Sasa ilinijaza kiganja kizima, tena nzito, ya moto kidogo bado, kwa maana kitu hiki kikikatwa huchukua muda kufa.

Mtoto wa Kalwe anayezaliwa leo hajui kama mji wake una mto. Mto upo, uko chini ya miguu yake. Wazee wetu waliufungia ndani ya bomba la zege ambalo lori lingeweza kupita ndani yake, wakafukia, wakajenga juu masoko, hospitali na nyumba za kupanga. Zege likadumu miaka mingi, halafu likaanza kuoza. Gesi ya maji machafu iliila simiti, kutu ikazila nondo. Kufukua mji mzima haikuwezekana, kwa hiyo bomba likavishwa nguo kwa ndani, kama fundi cherehani anavyotia bitana kwenye koti kuukuu. Bitana za kwanza zilikuwa za kitambaa na gundi. Hii ya sasa iko hai. Imetengenezwa kwa nyuzi za uyoga uliofundishwa kuwa mgumu, inanyonya lishe kutoka kwenye matangi yetu, na ikipata mkwaruzo inajiponya. Ndiyo sifa iliyoiuza. Mkandarasi alisema haitahitaji fundi tena, na wakubwa huwa wanapenda sana kusikia neno hilo.

"Kipande hiki kimekatwa wapi?" niliwauliza vijana.

"Chemba ya Nne."

"Na cha mwaka jana?"

Wakatazamana. "Chemba ya Nne, Injinia. Si ndiyo yenye ngazi nzima? Na pale juu kuna yule mama wa supu."

Chemba nyingine zilikuwa zimefunikwa na vibanda, ngazi zimeliwa na kutu, na kuifungua moja kulihitaji ugomvi na wauza viatu. Kwa hiyo kila mwaka tulikwenda Chemba ya Nne, tukanywa supu, tukashuka, tukakata, tukapanda, tukasema Kalwe iko salama. Nami niliinywa hiyo supu. Hesabu haikuwa ngumu. Mwili hauwezi kunenepa kwa hewa. Kama chakula ni kilekile na hapa umenenepa, basi kuna mahali umekonda.

* * *

Lutengano, msimamizi wa mafundi wa chini, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mzee wa kwaya, na ndivyo alivyokuwa kila Jumapili. Nilimwambia nataka kutembea bomba lote, chemba hadi chemba, kabla maji ya milimani hayajafika.

"Lote, Injinia? Kule mwisho hajaenda mtu siku nyingi."

"Ndiyo maana nakwenda, Fundi."

Mto ulikuwa umepungua kama inavyokuwa kabla ya mafuriko. Ulipita katikati ya bomba, unafika kwenye vifundo vya miguu. Bitana iling'aa chini ya taa zetu kwa rangi ya ini. Lutengano alitembea mbele akiigusa kwa vidole, kama mtu apitaye kwenye zizi anavyogusa migongo ya ng'ombe wake.

"Leo hajatulia," alisema. "Anajua mvua."

Mafundi wa chini hawasemi "hiyo bitana". Wanasema "yeye". Maabara tulizoea kuwacheka kwa hilo.

Nilikuwa na kipima-unene, kifaa chenye umbo la pasi ambacho lazima ukilaze juu ya bitana ndipo kikuambie kitu. Chemba ya Nne kilisema kiganja kizima. Hatua chache mbele kikasema vidole vitatu, halafu viwili, halafu, chini ya hospitali, kimoja. Tulipofika chini ya Mtaa wa Chuma, penye karakana za kuchomelea na mashine za kusaga, nilikilaza mara tatu kwa kutoamini. Kilisema ukucha.

Niliwasha taa yangu kubwa nikaielekeza karibu. Bitana ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na nyuma yake niliona zege lenyewe, au kilichobaki. Nikasukuma kwa kidole gumba. Nyuma ya ganda lile kukamwagika kitu chepesi, kikavu, kama unga unavyoteleza ndani ya gunia. Juu yetu, mahali fulani, mashine ilikuwa inasaga mahindi, na kila iliponguruma ganda lile lilitetemeka.

Niliijua mashine ile. Ilikuwa ya mdogo wangu, Bupe.

"Twende mbele," nilisema.

Mbele kidogo tulipita chini ya ukumbi wa harusi, napo pembamba, kisha tukaingia chini ya Mtaa wa Mapipa. Kipimo kikaruka ghafla, kikasema kiganja na zaidi. Sehemu zote nene zilikuwa na alama, mistari mifupi miwili miwili iliyokatwa kwa patasi na kupona ikawa makovu yaliyotutumka. Kovu juu ya kovu. Nilimgeukia Lutengano, naye akaangalia maji.

"Fundi, hizi ni nini?"

"Chale, Injinia."

"Nani kazikata?"

"Sisi." Akavua kofia yake ngumu kama aliyeingia kanisani. "Tangu enzi za waliotutangulia. Fundi akianza kazi chini, anamchanja bitana chini ya nyumba yake. Chale mbili kila mwaka, kabla ya mvua. Ni kumwomba tu, kwamba hapa ndipo wanapolala wanangu, usinisahau. Hatumuumizi. Anapona palepale."

"Mafundi wengi wanakaa Mapipa?"

"Karibu wote. Nyumba za kazi zilikuwa hapa."

Nikakaa juu ya jiwe katikati ya mto. Kila ilipokatwa, bitana ilidhani ndipo inaposhambuliwa, ikavuta nyama kutoka kwingine ikajijenga kwa saa chache. Sisi wa maabara tuliikata tukiipima, wao waliikata wakiiomba, na kote ilisikia. Chini ya hospitali, ambako hakuna fundi anayekaa wala msomi anayekunywa supu, ilikuwa imebaki kidole kimoja.

Nilimweleza hivyo Lutengano, taratibu. Hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema kwa ile sauti ya kwaya, chini kabisa, "Basi tulikuwa tunawaibia watu."

"Sote, Fundi."

* * *

Kama inakwenda inakokatwa, basi tungeikata kila mahali sawasawa igawanyike sawasawa. Hilo ndilo jibu la kwanza lililonijia, na nililipenda kwa sababu lilikuwa la haki. Nilirudi maabara nikiwa na matope hadi magotini, nikachukua kipande cha Chemba ya Nne na kukipiga randa mpaka kikabaki na unene ambao kila mtaa ungepata kama kila mtaa ungepata sawa. Nikamwekea Mama Mkwe. Nikamwekea na uzito ambao maji ya milimani na udongo wa mji vingeleta alasiri ya kesho yake, kwa vipimo vilivyokuwa vinatumwa na mlinzi wa mto kule juu.

Kililia, kikapasuka katikati. Nikapiga randa kipande kingine nikarudia. Kikapasuka palepale.

Waliosanifu bitana hawakukosea. Waliipima wakiamini kwamba zege la nyuma litabeba nusu ya mzigo. Sasa nyuma hapakuwa na zege, palikuwa na unga. Vidole viwili vya bitana peke yake havikutosha. Tukigawa kwa haki, mji wote ungezama kwa haki.

Nilikaa mbele ya mashine muda mrefu. Halafu nikafanya jambo ambalo nilijua nitalifanya tangu kipande cha kwanza kilipolia. Bomba letu lina sehemu sita. Nikaitoa moja kwenye hesabu, kana kwamba haipo, nikagawa nyama yake kwa zile tano. Kila moja ikapata nyongeza ndogo tu, upana wa ukucha. Ila kwenye kupinda, ukucha mmoja wa unene ni jambo kubwa. Ubao mnene kidogo unabeba mtu ambaye mwembamba ungemwangusha. Nikapiga randa kipande cha tatu, nikamlisha Mama Mkwe.

Kililia sana. Nyuzi zililia mpaka nikaziba masikio. Kikashika.

Nilimpelekea Mkurugenzi Kihwele vipande vyote vitatu nikaviweka mezani kwake. Nilimweleza yote, nikamwambia kwamba hatuwezi kuhamisha mji mzima kwa asubuhi moja, ila mtaa mmoja tunaweza. Tukate kote isipokuwa sehemu moja, watu wake tuwatoe, maji yafanye yatakavyo hapo. Alivishika vile vilivyopasuka, akavigeuzageuza, akatoa kitambaa akajifuta shingo.

"Mtaa gani?"

"Hilo ndilo nimekuja—"

"Usiniambie." Aliinua mkono. "Subilaga, mama, tafadhali usinitajie. Chagua wewe. Mimi nitawapa mafundi amri ya kushuka alfajiri, nitatafuta magari, nitatafuta mahali pa kuwaweka watu. Lakini mtaa usitoke mdomoni mwangu."

Nilimdharau wakati ule. Lakini nilipotoka nje nikagundua kwamba nami nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia.

Hospitali haikuwezekana, wagonjwa wa kitandani hawatembei. Mapipa haikuwezekana, maana mafundi wasingekata kwa moyo chini ya mitaa ya watu wengine huku nyumba zao ndizo zinaachwa. Sehemu nyingine zilikuwa na shule na soko. Ikabaki Chuma, penye karakana, watu wazima wenye miguu, na Bupe. Ningeweza kusema nilichagua kwa hesabu tu. Ukweli ni kwamba ule ukumbi usiolaza mtu sikuufikiria hata mara moja, maana nilitaka pia pawe mahali ambapo hakuna mtu angesimama kesho yake aseme Subilaga alipendelea wa kwao. Niliona fahari kidogo kwa hilo, na fahari hiyo ilinisaidia kulala.

* * *

Alfajiri mafundi watano walikusanyika Chemba ya Nne na patasi zao, na mimi nikamgawia kila mmoja sehemu yake. Kazi ya kuchanja sehemu moja toka mwanzo hadi mwisho ingemchukua fundi asubuhi nzima. Hapakuwa na nafasi ya mtu kufanya mbili. Lutengano nilimpa ile ya ukumbi wa harusi, inayopakana na Chuma.

"Na Chuma?" aliuliza.

"Chuma haiguswi."

Lutengano akanisogeza pembeni. "Si ndiko anakokaa mdogo wako? Yule mwenye mashine?"

"Ndiko."

"Injinia, nawe umeshuka chini. Umemgusa kwa mkono wako. Kwa desturi yetu, wewe sasa ni mwenzetu, una haki ya chale zako."

"Fundi, nakuomba. Pasiguswe hata kidogo. Watu wanaondoka pale."

"Nimekusikia, dada," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na iliniingia moyoni. Wakashuka mmoja mmoja. Simu haishiki kule chini. Mtu akishashuka, umemkosa mpaka apande mwenyewe. Walikubaliana kupanda mara watakaposikia upepo, kwa kuwa maji mengi yakija yanasukuma hewa mbele yao, na mifuniko ya chemba hupiga mluzi kabla ya mto kufika.

Walipokwisha kushuka ndipo Kihwele alinipigia. "Nimepata mahali. Ukumbi wa Mwafaka. Ufunguo ninao mwenyewe, Jumamosi ni harusi ya mwanangu. Una paa, una vyoo, viti vimeshapangwa. Vipi, pana tatizo?"

Nikaipitisha hesabu kichwani. Ukumbi ulikuwa juu ya bomba, ndiyo, lakini ulikuwa kwenye sehemu ya Lutengano, na Lutengano ndiye fundi bora tuliyekuwa naye. Hadi alasiri pale pangekuwa imara kama popote. Manyunyu yalikuwa yameanza mjini, na watu wenye watoto wachanga huwezi kuwaweka uwanjani.

"Hapana tatizo," nilisema.

Bupe nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye kope, mashine inanguruma, foleni ya akina mama na ndoo zao imefika barabarani.

"Bupe, zima mashine."

"Shikamoo, Dada. Nina mahindi ya watu hapa."

"Marahaba. Zima."

Aliona uso wangu akazima. Mtaa ukawa kimya ghafla, na katika ukimya ule nilidhani nasikia unga ukiteleza chini ya sakafu. Nikamwambia. Yeye ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na sikuweza kumdanganya kwa maneno ya ofisi. Nilimwambia mto unakuja, bitana haitoshi, mtaa mmoja umeachwa na mtaa huo ni wao.

"Nani kachagua?"

"Mimi."

Alichukua ufagio mdogo akaanza kufagia unga kwenye mdomo wa mashine, polepole, kama siku zote anapofunga. "Kwa nini sisi?"

"Mnaweza kutembea. Na mtanisikiliza."

"Na wale wengine wana mafundi wao."

"Ndiyo."

"Sisi hatuna."

"Mna mimi, Bupe."

"Haya," alisema, akaning'iniza ufagio kwenye msumari wake. "Ndiyo nimeona faida ya kuwa na ndugu injinia."

Liliniuma, akaona limeniuma, akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga. Halafu akatoka barabarani akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo. Hakuuliza tena kitu. Aligonga milango, akawatoa wachomeleaji, akamtoa mzee mmoja aliyekuwa anaoga, akawabebesha vijana masufuria na magodoro. Kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa unatembea kuelekea ukumbini, na akina mama wa foleni na ndoo zao za mahindi yasiyosagwa.

* * *

Alasiri nilirudi Chuma peke yangu kuhakikisha hajabaki mtu. Mvua ilikuwa imeshika. Nilipita kila karakana, nikaita, nikamfukuza mbwa mmoja aliyejificha chini ya benchi. Nikafika uani kwa Bupe, penye chemba ya zamani iliyofunikwa kwa mfuniko wa chuma, na hapo nikasimama nitazame nyumba kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimemnunulia mwenyewe bati la paa lile. Nililia kidogo, sifichi.

Mfuniko ulianza kupiga mluzi. Kwanza mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, halafu ukapanda. Mto ulikuwa umeingia mjini. Nikageuka niondoke, na mfuniko ukainuka.

Mkono ulitokea, kisha kofia ngumu, kisha Lutengano mzima, mwekundu kwa matope, anahema, patasi iko kwenye mkanda wa kiunoni. Nilimvuta kwa mabega mpaka akatoka. Alilala chali kwenye mvua akicheka.

"Ameshika, dada! Ameshika kweli kweli! Nenda kaangalie mwenyewe!"

"Nani ameshika? Unafanya nini huku, Fundi?"

"Chungulia."

Nikapiga magoti nikaelekeza taa ndani. Upepo wa mto ulinipiga usoni ukinuka udongo wa milimani. Chini yangu, pale nilipoacha ganda la kitunguu, bitana ilikuwa imefura, nene, imejaa damu yake isiyo damu, na kote ilikokwenda taa yangu niliona chale. Mbili mbili, mbili mbili, safi, zimekatwa kwa mkono usiotetemeka, mamia kwa mamia. Mdogo wangu angeweza kuegesha treni juu ya uwanja wake.

"Nilikuambia pasiguswe," nilisema.

"Uliniambia, na nilikusikia. Nikashuka, nikakufikiria wewe. Mtu anatoa nyumba ya ndugu yake kwa ajili ya wanangu, nami nina patasi mkononi, nimwangalie tu?" Alijiinua akakaa, akaanza kujipangusa macho. "Hatujawahi kumwacha mwenzetu bila chale. Sikuweza, dada. Ningerudi nyumbani leo, ningewaambia nini watoto?"

"Sehemu yako, Fundi. Ya ukumbi. Umeichanja saa ngapi?"

"Ile?" Alitikisa mkono. "Muda haukutosha kwa mbili. Na pale si hakuna mtu? Ni ukumbi tu. Mpaka Jumamosi watu wakija kwenye harusi, maji yameshapita, tutajenga mwingine. Nilisema bora zianguke kuta kuliko nyumba ya mtu."

Alikuwa ananitabasamia. Alingoja nimshukuru. Nilimwona akinitazama, tabasamu likianza kuondoka kidogokidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa simu nampigia Bupe. Mluzi wa uani kwa Bupe ulikuwa umekatika. Maji yalishapita chini yetu, yanakwenda sehemu inayofuata. Uwanja haukutikisika hata kidogo.

Simu iliita. Iliita tena. Bupe akapokea, na nyuma yake nilisikia watu wengi, viti vikiburutwa, watoto wakicheka.

"Dada! Tumefika salama, tumeenea wote. Hata yule mzee amepata soksi." Alikuwa ananisamehe, nilimsikia kwenye sauti. "Hivi hapa kuna kisima? Watoto wamelaza masikio sakafuni, wanasema wanasikia mtu anapiga mluzi."

"Bupe. Watoe nje. Wote, sasa hivi, waache kila kitu."

Nilisikia kicheko cha watoto, na chini yake ule mluzi, ukipanda.

"Tena?" alisema mdogo wangu. "Safari hii umetuchagulia wapi?"